Kichupa kinacholia: namna ya kuzungumza na wanawake kuhusu kinga mpya za VVU, Unguja na Pemba

Kichupa cha PrEP, dawa ya kumkinga na VVU mtu ambaye hajaambukizwa, kina sauti. Vidonge 30 ndani ya plastiki. Ukikitia mkobani na kupanda daladala, aliyekaa pembeni yako anasikia. Mke mmoja kijana wa shehia yetu, huku kaskazini mwa Pemba, aliacha dawa wiki ya pili kwa sababu ya sauti hiyo. Hakutapika wala hakusahau. Mama mkwe wake alimuuliza, "Mwanangu, nini hicho kinacholia humo kabatini?" na yeye hakuwa na jibu tayari. Mimi ndiye niliyempa maelezo ya dawa, na niliyatoa yote: inafanyaje kazi, kwa nini inywewe kila siku, maudhi yake madogo madogo. Nilichosahau kumuuliza ni kimoja tu, ataiweka wapi.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wahudumu wa afya wa kujitolea wa shehia, wauguzi wa vituo, walimu wa afya wa skuli, na mama yeyote ambaye wanawake humwendea kumuuliza mambo. Maelezo ya dawa yamo, lakini mengi ni ya mazungumzo, kwa sababu huko ndiko tunakoanguka.

Wala si sisi peke yetu tulioanguka. Mnamo 2011 utafiti mkubwa wa vidonge vya PrEP ulioitwa FEM-PrEP, uliofanyika kwa wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa dawa ilionekana haizuii kitu. Damu ilipopimwa ikajulikana kuwa wanawake waliokuwa wakinywa vidonge kweli hawakufika asilimia 40. Utafiti mwengine, VOICE, uliokuwa na wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ukaonesha hali mbaya zaidi, dawa ilikutwa kwa chini ya theluthi yao. Vidonge ni vile vile vilivyowakinga watu waliovinywa barabara. Wanawake walipokuja kuulizwa kwa upole walisema waliogopa kuonekana na dawa za wagonjwa, waume walikataa, mawifi walisema. Kila ninapolisoma hilo humkumbuka yule mke na kabati lake.

Kabla ya kumwambia mtu lolote: nenda kituoni ukaulize

Afya si jambo la Muungano. Wizara ya Afya ya Zanzibar ina mipango yake, kwa hivyo dawa iliyotangazwa kwenye taarifa ya habari Dar es Salaam si lazima iwepo Wete au Makunduchi. Nenda kliniki ya CTC, ile ya huduma na matibabu ya VVU, iliyo karibu nawe, kaa na muuguzi, muulize: kinga gani ipo leo, ipo siku gani, nani anastahiki, na aliyepo shamba afikeje. Andika. Baada ya miezi mitatu rudi ukaulize tena, maana mambo haya yanabadilika.

Mwanamke ukimsifia sindano ya miezi sita, akapanda gari mbili hadi mjini, akaambiwa haipo, hatokuamini tena hata ukimletea panadoli. Kisichopo kitaje kwa jina lake: "Hii imeshathibitishwa duniani, kwetu bado, ikifika nitakwambia." Kisha mwambie kilichopo.

Zijue kinga zenyewe, uzijue kwa mkono

Vidonge vya PrEP ndivyo vilivyotangulia. Ni tenofoviri pamoja na dawa mwenzake katika kidonge kimoja, na Shirika la Afya Duniani limevipendekeza tangu 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa. Mwanamke hunywa kimoja kila siku, na anahitaji siku 7 za kunywa bila ya kukatisha kabla dawa haijakaa sawa mwilini. Katika siku hizo atumie kondomu. Atakayetaka kuacha aendelee siku 7 baada ya mara ya mwisho aliyokutana na mwanamme. Wiki za mwanzo wengine hupata kichefuchefu, kichwa au tumbo kujaa gesi, na kwa wengi huondoka kabla mwezi haujesha. Anaweza kutumia akiwa mjamzito au ananyonyesha. Usimfiche kuwa tenofoviri ni miongoni mwa dawa wanazotumia wanaoishi na VVU, kwani ataijua siku atakapoona kichupa kama hicho kwa jirani, na wewe utaonekana muongo.

Pete ya dapivirini huvaliwa ukeni. Ni duara la silikoni jeupe, laini, lenye upana wa sentimita tano na nusu hivi. Ukiibana katikati inakuwa nyembamba, ukiiachia inarudi duara. Mwanamke huitia mwenyewe: ananawa mikono, anachutama au anaweka mguu mmoja juu ya kigoda, anaibana kwa vidole viwili na kuisukuma ndani mpaka mahala ambapo haisikii tena. Humo hukaa mwezi mzima, haitolewi kwa hedhi, kwa kuoga wala kwa tendo la ndoa, kisha anaitoa na kuvaa mpya. Anahitaji saa 24 kabla ya kuanza kuitegemea. Katika mikutano yangu swali la kwanza huwa hilo hilo: "Haitopotea tumboni?" Haipotei. Uke una mwisho, na mlango wa kizazi ni tundu dogo ambalo pete haiwezi kupita. Kama kituo kina pete ya mfano, iazime na ipitishe mkono kwa mkono, mwache kila mmoja aibane na kuiachia. Nimeona mama wa makamo akiishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto, na dakika tano baadaye anamfundisha mwenzake. Kuhusu nguvu yake sema kweli pia: katika tafiti mbili zilizotoka 2016 ilipunguza maambukizi kwa kiasi cha robo mpaka theluthi, na waliokuwa wakiivaa muda wote walipata kinga zaidi ya hapo. Inakinga ukeni tu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2021, kama nyongeza kwa mwanamke asiyeweza au asiyetaka vidonge.

Sindano ya kabotegraviri huchomwa kwenye nyama ya kalio. Mbili za mwanzo hupishana mwezi mmoja, kisha moja kila baada ya miezi miwili. Ilipimwa kwa wanawake 3,224 wa nchi saba za Afrika, nusu wakipewa sindano na nusu vidonge. Waliopata maambukizi upande wa sindano walikuwa 4, upande wa vidonge 36.

Mpya kuliko zote ni lenakapaviri, mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa katika utafiti wa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya 2,134 waliochomwa dawa hii hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Usiseme "ni asilimia mia," sema "hakuna aliyeambukizwa katika hao." Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, sindano mbili kwa wakati mmoja, na mara ya kwanza humeza pia vidonge viwili siku hiyo na viwili kesho yake. Jambo ambalo wengi hawalisemi, nawe usiliache: pale ilipoingia huweza kubaki kijivimbe kigumu chini ya ngozi kwa wiki au miezi. Hakina madhara, lakini mkono wa mume unaweza kukigusa usiku. Mwanamke alijue hilo kabla, si baada.

Kwa sindano zote mbili, muulize kama anatumia dawa za kifua kikuu, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya sindano, na muuguzi lazima ajue. Mwambie pia kuwa hizi si chanjo. Akiacha kuchoma, dawa hubaki mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu bila ya kutosha kumkinga, kwa hivyo asiache kimya kimya. Arudi apewe njia nyengine.

Hakuna katika hizi inayozuia mimba, kaswende wala kisonono. Zote huanza kwa kupima, kwa sababu aliyekwisha ambukizwa anahitaji matibabu kamili, na kinga peke yake itavizoesha virusi dawa.

Omba njia kwa wenye mji

Sheha ajue kuwa unafanya mazungumzo ya afya ya wanawake, na ajue mada. Majina ya wanaokuja hayamhusu.

Sheikh wa msikiti mwendee nyumbani, si mbele ya watu. Atakuuliza kama dawa hizi hazifungui mlango wa zinaa, na ni haki yake kuuliza. Mimi humjibu kwa mke wa mvuvi aliyekwenda dago miezi mitatu, mke asiyetoka nje ya nyumba yake, na mume akarudi na ugonjwa. Yule kosa lake nini? Masheikh wenyewe wanatufundisha kuwa kuhifadhi nafsi ni katika mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda. Nenda na maswali ya kinamama umeyaandika: pete kubaki ndani wakati wa josho la janaba, kutiwa mchana wa Ramadhani, sindano kwa aliyefunga. Wewe si mtoa fatwa, kwa hivyo usijibu kwa kichwa chako. Mwachie sheikh au ustadhati ajibu, kisha upeleke jibu lake kama lilivyo. Kuhusu vidonge hakuna taabu kubwa: mwezi wa Ramadhani anywe baada ya futari au wakati wa daku, ashike wakati mmoja.

Usimruke somo. Anayewafunda wari kabla ya harusi anasikilizwa kuliko mimi na wewe na daktari pamoja, na kazi yake yenyewe ni kutunza siri. Nilipompa somo mmoja wa kijiji cha jirani ile pete ya mfano, aliigeuzageuza mkononi, akasema, "Hii ningeijua zamani, nisingezika mwari wangu." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniletea watu.

Chagua siku, na chagua nani akae na nani

Wanawake wa mwani huwakuti nyumbani wakati wa bamvua. Maji yakitoka sana wao wako pwani, wameinama kwenye vigingi na kamba zao mpaka bahari irudi. Mimi mikutano yangu yote naipanga maji mafu. Nimewahi kuona gari la wageni limekuja na vipaza sauti siku ya bamvua kuu, likahutubia wazee wa kiume barazani na watoto.

Wafanyakazi wa mahoteli ya Nungwi na Paje wana zamu. Waulize wenyewe siku yao ya mapumziko. Wanawake wanaouza mwili na wanaojidunga dawa za kulevya usiwaite kwenye mkutano wa kijiji hata kidogo. Wafuate kupitia wenzao wanaoaminiana.

Katika kikundi, usichanganye mkwe na mkaza mwana, wala wake wenza, wala binti na mama yake. Wote watanyamaza, na kimya chao utakidhania ni kukubali. Kikundi cha watu wanane hadi kumi wa rika moja kinatosha, na kitumie kueleza yale ya jumla tu. La mtu binafsi lisemwe wawili, ukimsindikiza njiani au mkichambua mchele.

Pima maneno

Hapa kwetu VVU vilianza kugundulika 1986, na mpaka leo walioambukizwa ni chini ya asilimia moja ya watu wazima. Neema hiyo ina taabu yake: mwanamke wa kawaida anaona haimhusu, na yule anayeonekana inamhusu hubandikwa jina. Kwa hivyo ukianza na "makundi hatarishi" umeshafunga mlango. Nani atanyanyua mkono aseme mimi ni hatari?

Usiseme "dawa za UKIMWI." Sema "dawa ya kujikinga." Usiseme "kama humwamini mumeo," kwa maana ukimfanya achague baina ya dawa na ndoa atachagua ndoa. Mimi husema: "Dada yangu, chandarua hutungiki kwa sababu umemuona mbu. Unatungika kwa sababu usiku unaingia." Kisha naunganisha na wanachokijua. Uzazi wa majira wanaujua wote: yuko wa kidonge, yuko wa sindano, yuko wa kijiti, na kila mmoja ana sababu yake. Kinga hizi ndivyo zilivyo. Ila mfano huo una hatari, wapo wanaoondoka wakidhani sindano hii inazuia na mimba. Baada ya kuutumia, muombe mmoja akurudilie kwa maneno yake alivyofahamu. Akikosea, umeeleza vibaya wewe, anza tena.

Uvumi usiucheke. Wa kwanza ni utasa. Jibu ni kuwa dawa hizi hazigusi kizazi, na wapo waliobeba mimba na kujifungua wakiwa katika tafiti hizo. Wa pili ni "tunafanyiwa majaribio." Taja majaribio yalifanyika wapi na kwa watu wangapi, kama nilivyoyataja hapo juu. Mtu aliyepewa nchi na hesabu hutulia kuliko aliyeambiwa "msiogope."

Ingia naye nyumbani, kwa maneno

Hii ndiyo hatua niliyoiruka, na ndiyo natumia nayo muda mrefu zaidi sasa. Mkiwa wawili, muulize taratibu. Unalala na nani chumbani? Nani anafungua kabati lako? Simu yako nani anaishika? Mumeo yuko wapi na anarudi lini? Ukiulizwa hiki nini, utasema nini? Ukimaliza kusikiliza, mara nyingi njia inayomfaa imeshajitaja. Mwenye nyumba ya watu wengi na kabati lisilo na kufuli hatodumu na vidonge. Pete au sindano, kama zipo, zitamstahimilia. Anayeogopa sindano, mwenye chumba chake na mume anayejua, kidonge hakimshindi.

Kwa anayechagua vidonge, lishughulikie lile la sauti. Avibakishe kwenye kichupa chake cha asili pamoja na ule mfuko mdogo wa kunyonya unyevu uliomo, kwani dawa hii haipendi unyevu, na Pemba unyevu hatuna uhaba nao. Asivihamishie kwenye karatasi wala kikopo cha poda. Achukue pamba safi, kavu, ajaze nafasi iliyobaki juu ya vidonge, afunge kifuniko sawasawa. Tikisa umsikilizishe. Hakilii tena.

Kisha fanyeni mazoezi ya jibu. Wewe kuwa mkwe, yeye ajibu. Simfundishi kusema uongo. Namsaidia atafute kweli anayoweza kuisema. "Dawa ya kliniki, mama, nimepewa ninywe kila siku" ni kweli. Na kama anataka kumwambia mume, afanye mazoezi ya hilo pia. Wapo wanaume wanaokubali vizuri wakielezwa mapema, wakakataa hasa pale walipogundua wenyewe. Lakini akikwambia mumewe anampiga, usimhimize aseme. Mpe njia isiyoonekana, na mwoneshe kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowasaidia waliofanyiwa ukatili. Aliyebakwa asingoje mazungumzo yoyote: afikishwe hospitali ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, apewe PEP, ambayo ni dawa ya siku 28 ya kuzuia baada ya tukio.

Na akipima akakutwa ameshaambukizwa? Usimwachie karatasi mkononi. Mfuate mpaka CTC siku ile ile. Maneno ya kumwambia njiani yawe machache na ya kweli: dawa ipo, ni bure, na akiitumia vyema mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hatomwambukiza mumewe kwa tendo la ndoa.

Mfuatilie bila ya kumuanika

Simu za huku kwetu zina wenyewe wengi. Usimtumie ujumbe wenye neno dawa, kliniki wala CTC, na sauti ya WhatsApp ndiyo mbaya zaidi, maana hufunguliwa mbele za watu. Kubalianeni neno. Mimi na mmoja wao tunaulizana kuhusu mwani: "Mwani wako umekauka?" maana yake siku ya kurudi imefika.

Tarehe ziandikwe kwa kalenda anayoishi nayo. Wengi wa mama zetu wanahesabu kwa mwezi mwandamo, na hesabu inakubali: aliyechomwa lenakapaviri Mfungo Mosi arejee Mfungo Saba, tarehe ile ile, na bado atakuwa ndani ya muda wake. Wa kabotegraviri, baada ya zile mbili za mwanzo, anaruka mfungo mmoja. Wa vidonge hurudi kupimwa baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila miezi mitatu.

Ziara yenye thamani kuliko zote ni ya wiki ya pili. Ndipo kichefuchefu kipo bado, woga upo, na hakuna aliyeona faida yoyote. Siku hiyo usimuulize "Unakunywa?" kwa kuwa atasema ndiyo kwa heshima. Muulize, "Siku gani imekuwa ngumu?" Yule mke wa mwanzo nilimwendea tena namna hiyo, baada ya mwezi, tukiwa tumekaa upenuni anapembua choroko. Alinyamaza kitambo, akaniambia siku ngumu zilikuwa Ijumaa, nyumba ikijaa mawifi. Tukaanza kuizungumzia hiyo Ijumaa. Akapima upya, akaanza upya, na pamba nilimpelekea mimi.